Mfumo unafanya kazi kwenye kompyuta yangu, lakini kwenye seva unashindwa kuifikia hifadhidata

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza mfumo wa kuweka na kukopa kwa ajili ya SACCOS ya hapa kwetu, kwa kutumia Laravel (kiunzi cha lugha ya PHP) na hifadhidata ya MySQL. Kwenye kompyuta yangu mpakato, ninakotumia XAMPP (kifurushi cha kujaribia programu za wavuti), haujawahi kunisumbua. Nilipoupeleka kwenye seva ya Ubuntu tuliyoikodi, yenye RAM ya GB 1, nilifuata maelekezo yote hadi php artisan config:cache, nikapata ujumbe 'SQLSTATE[HY000] [2002] Connection refused'. Nilishauriwa nimwekee root nenosiri, niandike anwani ya IP ya seva kwenye DB_HOST, niweke bind-address iwe 0.0.0.0, nifungue poti 3306 na nimruhusu root aingie kutoka popote. Nikafanya hivyo na kuiwasha upya MySQL. Ujumbe ukageuka kuwa '[1045] Access denied for user 'root'@'localhost' (using password: NO)', ilhali nenosiri nimeliandika kwenye faili la .env. Juzi rafiki yangu akaniambia niendeshe php artisan optimize:clear, mfumo ukakubali. Lakini usiku wa kuamkia leo, saa nane, ripoti zilipokuwa zinatengenezwa, 'Connection refused' ikarudi, na asubuhi wahasibu hawakuweza kuingia mpaka nilipoiwasha upya seva nzima. Je, nihamie PostgreSQL, au nitafute seva nyingine? Mfumo unatakiwa kuanza kutumika rasmi mwezi ujao."

Marahaba, ndugu yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka kukwambia ni kwamba umenipa karibu kila kitu ninachohitaji, kwa sababu umenakili maneno ya hitilafu kama yalivyo, kwa mpangilio wa yalivyotokea. Kwa maelezo hayo ninaona matatizo mawili yasiyohusiana yaliyokutokea kwa pamoja, na juu yake tatizo la tatu ambalo halikuwepo mwanzoni bali limeletwa na ushauri uliopewa. Hilo la tatu ndilo la haraka zaidi, kwa hiyo nitaanza nalo kabla ya kueleza chochote.

Kwa hali ilivyo sasa, hifadhidata yenye akiba na mikopo ya wanachama wenu inapokea wageni kutoka kokote duniani, na msimamizi wake mkuu, yaani root, anaruhusiwa kuingia kutoka kokote duniani. Zipo programu ambazo kazi yake ni kuzunguka anwani zote za intaneti usiku na mchana zikitafuta poti 3306, mlango ambao MySQL husikilizia, iliyo wazi, kisha kujaribu manenosiri yanayotumika mara kwa mara. Mwanzoni mwa mwaka 2017 hifadhidata nyingi za MongoDB, na baadaye za MySQL, zilizoachwa wazi kwa namna hii zilifutwa, na wahalifu wakaacha ujumbe wa kudai malipo ya Bitcoin. Tafadhali funga leo hii. Fungua faili la /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf, urudishe bind-address, yaani anwani ambayo MySQL husikilizia, iwe 127.0.0.1 (anwani ya seva kujizungumzia yenyewe), uiwashe upya MySQL, uondoe ruhusa ya poti kwa amri ya sudo ufw delete allow 3306/tcp, na kama poti uliifungua pia kwenye ukurasa wa kampuni inayokukodisha seva, uifunge na huko. Ukiwa ndani ya MySQL, mfute yule root wa popote kwa DROP USER 'root'@'%'. Kisha utazame orodha ya watumiaji kwa SELECT user, host, plugin FROM mysql.user, uone kama kuna jina usilolijua. Yale yenye mwanzo wa "mysql." pamoja na debian-sys-maint ni ya mfumo wenyewe, usiyaguse. Usihofu kwamba ukifunga mfumo utakatika, maana ukishairudisha DB_HOST kuwa 127.0.0.1 programu yako itazungumza na MySQL ndani kwa ndani, na mazungumzo ya ndani hayapiti kwenye poti iliyo wazi kwa dunia.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Watu wengi huyachukulia maneno ya hitilafu kama kelele tu, kwamba "hifadhidata imekataa", wakaanza kubadilisha kila kinachobadilika mpaka kimoja kikubali. Kwa kweli kila ujumbe unaeleza ombi la programu limefika wapi kabla ya kukwama. Chukulia kwamba programu yako ni mgeni anayekwenda kupiga hodi nyumbani kwa MySQL. Akibisha, akasimama muda mrefu bila kusikia chochote, hiyo ni "Connection timed out": amekosea mtaa, au kuna fayawoli njiani inayoyameza maombi yake bila kumjibu. Akibisha na kujibiwa papo hapo kwamba hapa hakuna mtu, hiyo ni "Connection refused": kompyuta ameipata, lakini kwenye poti ile hakuna programu inayosikiliza. Mwenyeji akitoka, akamtazama na kumwambia hamtambui, hiyo ni "Access denied". Akitambuliwa lakini akaomba chumba kisichokuwepo, ataambiwa "Unknown database". Na ipo ile ya "could not find driver", ambayo maana yake ni kwamba mgeni hajatoka hata kwao, kwa sababu PHP ya kwenye seva haijawekewa kiunganishi cha MySQL. Tiba yake ni kusakinisha php-mysql tu.

Kwa mpangilio huo, ujumbe wako kugeuka kutoka "refused" kuwa "denied" haikuwa ishara ya kuharibika zaidi. Ulikuwa umesogea hatua moja mbele. Hata hivyo uliamini kwamba kilichokusogeza ni kufungua poti, nami sikubaliani. Programu na hifadhidata zikikaa kwenye seva moja, anwani ya 127.0.0.1 hujibu bila poti kufunguliwa kwa nje na bila bind-address kuguswa. Kilichokusaidia, kwa maoni yangu, ni kule kuiwasha upya MySQL. Ilikuwa imezima, na wewe ukaiamsha ukiwa katika shughuli nyingine. Sababu ya kuzima kwake nitaieleza baadaye, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo iliyokuamsha leo alfajiri.

Ujumbe wa pili nao una mambo mawili ambayo ni rahisi kuyaruka. Ulikuwa umeandika anwani ya IP ya seva kwenye DB_HOST, lakini MySQL inasema aliyekuja ni 'root'@'localhost'. Mgeni aliyepitia anwani ya nje angetajwa kwa anwani hiyo, si kwa localhost. Halafu mwishoni kuna "using password: NO", yaani mgeni hakutoa nenosiri lolote, wakati wewe uliliandika. Yakiunganishwa, yanaonyesha kwamba Laravel haikuwa inalisoma faili lako la mipangilio, .env, hata kidogo, bali ilikuwa inatumia mipangilio ya zamani uliyokuja nayo kutoka kwenye XAMPP, ambako kwa kawaida mtumiaji ni root na hana nenosiri. Chanzo ni amri ya config:cache uliyoiendesha kabla ya kuyarekebisha mafaili. Amri hiyo hukusanya mipangilio yote na kuiandika kwenye bootstrap/cache/config.php, na tangu hapo Laravel haiangalii tena .env mpaka nakala hiyo ifutwe. Ungeweza kubadilisha nenosiri mara mia na pasitokee lolote. Rafiki yako alipokwambia uendeshe optimize:clear, nakala ilifutika, mipangilio mipya ikasomwa, mfumo ukakubali. Mshukuru, maana ushauri wake ulikuwa sahihi.

Siyo kwamba config:cache ni mbaya. Kwenye seva inapaswa kutumika, kwa kuwa inapunguza kazi ya kila ombi. Kinachotakiwa ni kuizoea kanuni moja: kila unapoligusa faili la .env, endesha config:cache tena, na kama unao wafanyakazi wa foleni (programu za kazi za nyuma ya pazia) wanaoendeshwa na queue:work, endesha pia queue:restart, kwa sababu hao hubaki hai kwa muda mrefu wakiwa na mipangilio waliyoanza nayo. Ukiwa kwenye .env, angalia pia nenosiri lako lina alama gani. Likiwa na alama ya # na hujaliweka ndani ya alama za kunukuu, kila kinachofuata baada ya alama hiyo huhesabiwa kuwa maelezo ya pembeni na kutupwa, nawe utaletewa "Access denied (using password: YES)" ukashinda siku nzima ukijiuliza, maana kwa macho nenosiri liko sawasawa. Lizungushie alama moja moja za kunukuu ('...').

Jambo lingine la kuliacha huko kwenye XAMPP ni kumtumia root. Kwenye Ubuntu, MySQL ikisakinishwa, root hutambuliwa kwa programu-jalizi iitwayo auth_socket: inaangalia kama anayeingia ni root wa mfumo endeshi wenyewe, wala haijali nenosiri. Ndiyo maana sudo mysql hukubali moja kwa moja wakati programu ya wavuti, inayoendeshwa na mtumiaji www-data, hukataliwa. Wengi hulichukulia hilo kuwa kasoro na kulizima, kama ulivyofanya ulipompa nenosiri. Ni kinga nzuri, nami nakushauri uirudishe baada ya programu kupata mtumiaji wake. Ingia kwa sudo mysql, au sudo mysql -p kwa kuwa sasa root wako ana nenosiri, kisha uandike hivi, ukiweka majina yako:

CREATE USER 'saccos_app'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu-la-kubuni';
GRANT ALL PRIVILEGES ON saccos.* TO 'saccos_app'@'localhost';

Utaona miongozo mingi ikikutaka umalizie na FLUSH PRIVILEGES. Haina madhara, lakini haihitajiki baada ya CREATE USER na GRANT. La kuzingatia ni kwamba katika MySQL mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotoka, kwa hiyo 'saccos_app'@'localhost' na 'saccos_app'@'%' ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na ruhusa zake. Ukishaandika jina na nenosiri hilo kwenye .env, usiende moja kwa moja kwenye kivinjari. Jaribu kwanza bila Laravel, kwa mysql -h 127.0.0.1 -u saccos_app -p saccos, na ikikubali, jaribu kupitia Laravel lakini kwa kuvaa nafasi ya www-data: sudo -u www-data php artisan db:show, kama toleo lako ni la 9 au jipya zaidi. Nasisitiza www-data kwa sababu mara nyingi amri hukubali ukiwa wewe, halafu ukurasa unagoma, kumbe faili la .env linasomeka kwako tu. Majaribio yote mawili yakikubali, ndipo umrudishe root kwenye hali yake: ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED WITH auth_socket;

Tuje sasa kwenye saa nane usiku. "Connection refused" kwenye mfumo uliokuwa unafanya kazi jioni haiwezi kuwa nenosiri wala bind-address, kwa kuwa hakuna aliyevigusa usiku. MySQL ilizima, na juu ya hilo sina shaka. Kwenye seva ya GB 1 inayoendesha pamoja Ubuntu, seva ya wavuti, PHP na MySQL 8, ninayemshuku kwanza ni upungufu wa RAM. Linux ikiishiwa RAM kabisa, huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi, na kwa kawaida huchagua ile iliyoshika RAM nyingi zaidi, ambayo kwenye seva kama yako mara nyingi ni mysqld. Anayeuawa si lazima awe ndiye mkosaji. Kazi za usiku huendeshwa na PHP ya mstari wa amri, na kwenye Ubuntu PHP hiyo huja ikiwa haina ukomo wa RAM, tofauti na ile inayohudumia kurasa. Ripoti inayowachukua wanachama wote na miamala yao yote kwa mkupuo mmoja huvimba bila kizuizi, halafu MySQL ndiyo inayolipa. Mfumo hujaribu kuiinua tena, lakini RAM ikiwa bado imejaa inashindwa, na baada ya majaribio kadhaa huachwa chini.

Usinichukulie kwa neno langu tu, thibitisha. Kwa kuwa umeiwasha upya seva, angalia kumbukumbu za kipindi kilichopita kwa sudo journalctl -k -b -1, utafute mstari wenye "Out of memory: Killed process" pamoja na mysqld. Zingatia kwamba seva nyingi hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane usiku ya Tanzania itaonekana kama 23:00 ya siku iliyotangulia. Nimewaona watu wakitazama 02:00, wakakuta kimya, wakahitimisha kwamba hakuna kilichotokea. Usipoukuta mstari huo, soma /var/log/mysql/error.log, na uangalie pia nafasi ya diski kwa df -h, kwa sababu diski iliyojaa nayo huiangusha MySQL, hasa kama nakala rudufu zinahifadhiwa hapohapo. Ikitokea tena kabla hujatengeneza, sudo systemctl start mysql inatosha, huna haja ya kuwasha upya seva nzima.

Tiba ya kwanza, isiyo na gharama, ni kuongeza swapu, yaani sehemu ya diski inayopokea mzigo RAM inapozidiwa:

sudo fallocate -l 1G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kisha andika mstari wake kwenye /etc/fstab ili ibaki hata seva ikizimwa. Swapu ni ya polepole, na inakununulia muda tu. Tiba ya kweli iko kwenye msimbo wako: badala ya all() au get() kwenye jedwali la miamala, tumia chunkById au lazyById, ambazo huchukua rekodi chache chache, tuseme 500 kwa zamu, na kuziachia kabla ya kuchukua nyingine. Baada ya hapo ripoti ya wanachama 200 na ya wanachama 20,000 zitahitaji RAM inayokaribiana, hata kama ya pili itachukua muda mrefu zaidi.

Umeuliza kama uhamie PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata. Ninaipenda sana, lakini kwa tatizo hili jibu ni hapana. PostgreSQL nayo husikiliza localhost tu isipoambiwa vinginevyo, nayo ina utaratibu wake wa kumtambua mtumiaji kwa jina lake la mfumo endeshi, nayo huuawa RAM ikiisha. Ungehamisha matatizo yaleyale na kuyapa majina mapya mwezi mmoja kabla ya kuanza. Seva nyingine, au tuseme seva kubwa zaidi, ni wazo la busara. Kwa mfumo wa fedha za watu ningelipia GB 2 bila kusita, hata baada ya kurekebisha ripoti. Kuna pia hifadhidata zinazoendeshwa na kampuni za huduma, ambako nakala rudufu na marekebisho ya usalama hufanywa na wao. Ni nzuri kama bajeti inaruhusu, ila hakikisha iko kituo kimoja na programu yako. Ukurasa unaoiuliza hifadhidata mara 30, na kila swali likachukua milisekunde 150 kwenda na kurudi bara lingine, utakawia sekunde 4.5 kabla ya kazi yoyote kufanyika. Kwa SACCOS moja, MySQL kukaa seva moja na programu inatosha kabisa.

Na kama ulifungua poti ili uweze kuiona hifadhidata kutoka kwenye kompyuta yako, ipo njia salama. Endesha ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 pamoja na jina lako na anwani ya seva, kisha uielekeze programu yako ya kutazamia kwenye 127.0.0.1, poti 3307. Mawasiliano yote yatapita ndani ya SSH, ile njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva, na poti 3306 itabaki imefungwa.

Kabla ya mwezi ujao, hakikisha pia APP_DEBUG ni false kwenye seva. Ikiwa true, hitilafu kama hizi humwonyesha kila mgeni mambo ya ndani ya mfumo, yakiwemo majina ya mafaili na maombi yanayotumwa kwa hifadhidata.

Sehemu kubwa ya haya utaiweza mwenyewe, lakini kuna hali tatu ambazo ningekuomba umwite mtu mwenye uzoefu akae nawe. Ya kwanza ni ukikuta mtumiaji usiyemjua, jedwali lililopotea, au jedwali geni lenye ujumbe wa kudai fedha. Hapo usifute kitu, omba kampuni ya seva ipige picha ya diski (snapshot, yaani nakala ya diski nzima) kama ilivyo, na uwajulishe viongozi wa SACCOS siku hiyohiyo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawapa wao wajibu juu ya taarifa za wanachama na hawawezi kuutimiza wakifichwa. Ya pili ni error.log ikitaja kuharibika kwa InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data. Utakutana na ushauri wa kufuta ibdata1, faili lake kuu, au kuondoa MySQL kwa apt purge na kuisakinisha upya. Usithubutu bila nakala kamili ya /var/lib/mysql, iliyochukuliwa MySQL ikiwa imezimwa na kuhifadhiwa nje ya seva. Ya tatu ni kama huna nakala rudufu uliyokwisha kuijaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine na ikasomeka. Hilo lifanyike kabla ya mwanachama wa kwanza kuweka akiba yake kwenye mfumo.

Huyo utakayemwita mpe yale uliyonipa mimi: maneno ya hitilafu kama yalivyo, saa yalipotokea, na orodha ya ulichobadilisha kwa mfuatano. Nenosiri usimtumie kwa WhatsApp. Mfungulie akaunti yake ya SSH kwa ufunguo wake mwenyewe, na uifunge kazi ikiisha.